Kasoro Ndogo za Nyumba Kabla ya Mauzo Kukamilika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Mkataba wa kuuziana nyumba hutiwa saini siku moja na mauzo hukamilishwa siku nyingine, na baina ya siku hizo mbili mara nyingi hupita miezi mitatu. Kwa mji kama Mombasa, ambako hewa ya bahari hula chuma na mvua ya masika huingia kila penye upenyo, ni nadra nyumba kupita miezi mitatu bila kuharibika kitu. Majibu yafuatayo yanawahusu wanunuzi na wauzaji wanaobishana juu ya vitu hivyo vidogo, ambavyo mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya mauzo kukwama.

Nimetia saini na kulipa arbuni, lakini sijakabidhiwa funguo. Kwa sasa nyumba ni ya nani?

Bado ni ya muuzaji. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, umiliki huhama pale hati ya uhamisho inaposajiliwa. Arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei na hushikwa na wakili wa muuzaji hadi mauzo yakamilike, haimfanyi mnunuzi kuwa mwenye nyumba. Siku 90 ambazo mikataba mingi huzitaja hutumika kutafuta cheti cha kaunti cha kuonyesha kwamba kodi ya ardhi imelipwa, kupata idhini ya uhamisho, kuandikisha ridhaa ya mume au mke wa muuzaji, na kutathmini thamani kwa ajili ya ushuru wa stempu, ambao kwa mali ya mjini ni asilimia 4.

Hata hivyo, muuzaji si mwenye nyumba huru kama alivyokuwa kabla ya kutia saini. Ameahidi kuikabidhi nyumba ile ile iliyokaguliwa, na misingi ya sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza inamtazama kama mtunzaji wa mali ambayo tayari ina mwenyewe mwingine anayeisubiri. Anatakiwa kuitunza kwa uangalifu wa kawaida, yaani ule ambao mtu mwenye busara angeutumia kwa nyumba yake mwenyewe. Hatakiwi kuiboresha, na hatakiwi kuizuia isichakae kwa namna ambayo nyumba yoyote huchakaa.

Je, kuna sheria inayosema wazi kwamba muuzaji ndiye anayerekebisha kasoro ndogo?

Hakuna. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo humpa mnunuzi ulinzi fulani juu ya ubora wa kitu alichonunua, haihusu ardhi wala jengo lililosimama juu yake. Kwa nyumba, kanuni ya msingi ni kwamba mnunuzi ajihadhari: akague, aulize, kisha anunue alichokiona. Muuzaji hawajibiki kwa kasoro iliyokuwa wazi siku ya ukaguzi, na mnunuzi aliyeona bawaba imelegea kisha akatia saini amekubali kuinunua pamoja na ulegevu wake.

Kwa hiyo jibu halisi la maswali mengi katika ukurasa huu limo ndani ya mkataba wenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Mikataba mingi pia hutaja kwamba inafuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili wa Kenya ya mwaka 2015. Tatizo ni kwamba watu wengi husoma bei, tarehe na majina yao, kisha wakapita juu ya kifungu kinachoeleza hali ya nyumba, ambacho mara nyingi husema tu kwamba nyumba inauzwa jinsi ilivyo. Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Yanamzuia mnunuzi kulalamikia kilichokuwepo siku ya saini, lakini hayampi muuzaji ruhusa ya kuiacha nyumba iharibike baada ya siku hiyo.

Kasoro ndogo ni zipi hasa?

Kasoro ndogo ni ile ambayo fundi mmoja anaweza kuimaliza kwa siku moja au mbili, haizuii watu kukaa ndani ya nyumba, na haigusi uimara wa jengo. Mfereji unaovuja, kitasa kilichokwama, kioo cha dirisha kilichopasuka, feni isiyozunguka, swichi iliyoungua, vigae viwili vilivyobanduka na pampu ya maji iliyokataa kuwaka, vyote vimo katika kundi hili.

Tahadhari inahitajika, kwa sababu Mombasa ina kasoro ambazo huonekana ndogo na sizo. Mfano ulio wazi ni ufa mwembamba unaofuata mstari ulionyooka chini ya zege la dari, ukiwa na doa la rangi ya kahawia pembeni yake. Anayeutazama haraka atasema ni lipu imepasuka. Mara nyingi ni chuma kilicho ndani ya zege kimeshika kutu kwa ajili ya chumvi, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikalisukuma zege hadi likapasuka kutoka ndani. Kupaka rangi juu ya ufa huo hakutibu chochote. Ukiuona baada ya kutia saini, usiuandike katika orodha moja na vitasa na mifereji. Mwite mhandisi wa majengo autazame kabla hujakubali fidia yoyote.

Niliikagua nyumba mwezi wa Januari ikiwa kavu. Masika yalipoingia paa likavuja. Nani analipa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo linaloulizwa zaidi. Kaskazi inapovuma, nyumba nyingi za pwani huonekana salama: kuta zimekauka, madoa yamefifia na paa halijaonja mvua kubwa kwa wiki kadhaa. Anayekagua Januari akatia saini Februari atakuwa anasubiri kukamilisha mauzo Aprili au Mei, na Mei kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa.

Swali la kwanza ni kama kasoro hiyo ilizaliwa baada ya saini au ilikuwepo tangu mwanzo ikajificha. Bati lililong'olewa na upepo wa Aprili ni jambo jipya. Msumari ulioliwa na kutu miaka mitano iliyopita ni jambo la zamani, hata kama maji yake yameonekana leo. Kwa jambo jipya, muuzaji atawajibika ikiwa hakuchukua hatua ambazo mtunzaji mwangalifu angezichukua, kama vile kulirudisha bati lile kabla maji hayajaharibu mbao za dari. Kwa jambo la zamani lililojificha, kanuni ya mnunuzi kujihadhari humlinda muuzaji, isipokuwa katika hali mbili.

Hali ya kwanza ni pale alipoulizwa akajibu uongo. Mnunuzi akiuliza kwa maandishi, «Je, paa limewahi kuvuja?» na muuzaji akajibu halijawahi hali anajua alikuwa akiweka ndoo sebuleni kila Mei, huo ni udanganyifu, na sheria humpa mnunuzi haki ya kudai fidia au hata kujitoa katika mkataba. Hali ya pili ni pale alipoificha kasoro kwa makusudi, kwa mfano kwa kupaka rangi mpya sehemu moja tu ya ukuta au kusogeza kabati mbele ya doa la unyevu. Kunyamaza peke yake, pasipo kuulizwa, kwa kawaida si kosa. Ndiyo sababu maswali ya mnunuzi yanapaswa kuwa ya maandishi, yaelekezwe moja kwa moja, na majibu yake yahifadhiwe. Maneno ya dalali mlangoni hayatoshi, hata awe mtu mwaminifu namna gani.

Nyumba imefungwa miezi miwili na muuzaji yuko Nairobi. Je, kuifunga ni kuitunza?

Kuifunga ni kuilinda na wezi, lakini kuitunza kunataka zaidi. Nyumba iliyofungwa pwani huharibika haraka kuliko inayokaliwa. Pasipo madirisha kufunguliwa, kuvu hushika dari na ndani ya kabati za nguo. Ndani ya tangi la choo, boya lililokuwa likipanda na kushuka kila siku hukaa pale pale, chumvi ya maji ya kisima ikajenga ganda jeupe kwenye shingo ya vali, na siku maji yanapofunguliwa tena hayazimiki. Hutiririka usiku kucha hadi tangi la juu likakauka. Mchwa, ambao hawapendi kusumbuliwa, hupata nafasi ya kupanda fremu za milango.

Muuzaji anayeishi mbali anapaswa kumwachia mtu funguo, aingie walau mara moja kwa wiki, afungue madirisha, awashe pampu, aruhusu maji yapite katika kila mfereji, na aangalie dari kila baada ya mvua kubwa. Asipofanya hivyo na kasoro zikatokana na kutelekezwa huko, ni vigumu kwake kudai kwamba huo ni uchakavu wa kawaida.

Naweza kukataa kukamilisha mauzo mpaka kila kitu kirekebishwe?

Kwa kasoro ndogo, hapana, na ni muhimu jambo hili lieleweke kabla hasira haijaandika barua. Kukataa kukamilisha kunakubalika pale muuzaji anapovunja sharti la msingi la mkataba: hana hatimiliki safi, nyumba iliyoahidiwa tupu bado ina mpangaji, au jengo limeharibika kiasi kwamba si lile lililouzwa. Mfereji unaovuja haufikii hapo. Mnunuzi anayezuia mauzo yote kwa ajili yake huwa yeye ndiye aliyechelewa, na muuzaji anaweza kumpa notisi ya kukamilisha, ambayo kwa kawaida ni ya siku 21. Siku hizo zikipita, mkataba unaweza kuvunjwa na arbuni ikapotea. Kupoteza asilimia 10 ya bei ya nyumba kwa ajili ya kitu kinachorekebishwa kwa shilingi elfu chache ni hasara isiyo na sababu.

Haki aliyonayo mnunuzi ni kudai gharama ya kurekebisha. Anaweza kuidai baadaye, lakini njia iliyo nyepesi zaidi ni kukubaliana kabla ya siku ya kukamilisha.

Makubaliano hayo hufanywaje?

Kuna njia tatu zinazotumika. Muuzaji anaweza kurekebisha mwenyewe na kuonyesha risiti. Bei inaweza kupunguzwa kwa kiasi kilichokubaliwa, na nyongeza fupi ya mkataba ikatiwa saini na pande zote mbili. Au sehemu ya fedha inaweza kubaki mikononi mwa wakili hadi kazi ikamilike.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza pale ambapo kazi haiwezi kumalizika kabla ya tarehe, lakini ina sharti moja ambalo watu hulisahau. Tuseme nyumba ni ya shilingi milioni 8, mnunuzi amelipa arbuni ya laki 8, na benki inamkopesha milioni 6. Fedha za benki hutolewa kwa ahadi rasmi ya maandishi baina ya mawakili, baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa, na benki haitakubali kiasi hicho kikatwe kwa ajili ya pampu. Kwa hiyo kiasi kinachozuiwa, tuseme shilingi 45,000, ni lazima kitoke katika milioni 1 na laki 2 ambazo mnunuzi analipa mwenyewe. Barua ya kuzuia fedha itaje kasoro zenyewe, kiasi, fundi atakayekubaliwa na pande zote, na tarehe ambayo fedha zitaachiliwa ikiwa mnunuzi hatakuwa amewasilisha dai lolote. Mawakili wote wawili watie saini. Mnunuzi asijipunguzie fedha kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kulipa pungufu bila makubaliano ni kuvunja mkataba.

Nifanye nini siku ya kutia saini ili nisiingie katika mabishano haya?

Andika hali ya nyumba. Katika yote yaliyomo hapa, hili ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine, na ni la gharama ndogo. Pita chumba baada ya chumba pamoja na muuzaji au mtu wake, fungua kila mfereji, washa kila taa na kila feni, vuta maji ya kila choo, tia ufunguo katika kila kitasa, panda hadi kwenye tangi. Kilicho sawa kiandikwe kuwa ni sawa, na kibovu kiandikwe kuwa ni kibovu. Piga picha zinazoonyesha tarehe, hasa za dari, pembe za kuta zinazotazama bahari, na sehemu ya chini ya sinki. Orodha itiwe saini na wote wawili, kisha iambatanishwe na mkataba kama sehemu yake.

Orodha hiyo humlinda muuzaji sawasawa na inavyomlinda mnunuzi. Pasipo hiyo, ubishi huwa ni wa kumbukumbu dhidi ya kumbukumbu. Ongeza kifungu kinachosema kwamba muuzaji atakabidhi vitu vyote katika orodha vikiwa katika hali ile ile isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida, na kwamba mnunuzi ana haki ya kukagua tena, tuseme siku saba kabla ya kukamilisha. Haki ya ukaguzi wa pili haiji yenyewe. Isipoandikwa, muuzaji anaweza kukataa kufungua mlango.

Muuzaji ameng'oa feni, tangi na grili za madirisha. Hizo nazo ni kasoro?

Huo ni upungufu, na kwa kawaida una jibu la haraka. Kilichofungwa kwenye jengo kwa nia ya kukaa hapo huuzwa pamoja na jengo. Grili zilizochomelewa au kujengewa ukutani, kabati za jikoni na milango ni sehemu ya nyumba. Feni, mashine za baridi, paneli za sola na matangi ya plastiki yaliyokaa juu ya zege bila kufungwa huleta ubishi, kwa hiyo yaandikwe katika mkataba kama yanabaki au yanaondoka.

Nimenunua fleti na maji yanavuja kutoka kwa jirani wa juu. Muuzaji ana jukumu gani?

Jukumu lake ni dogo zaidi, kwa sababu chanzo hakimo ndani ya mali yake. Anatakiwa kutoa taarifa kwa jirani na kwa usimamizi wa jengo mara anapoona maji, na kukujulisha wewe. Pale jengo lilipoandikishwa chini ya Sheria ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, paa, ngazi na mabomba ya pamoja huwa chini ya shirika la wamiliki wote. Uliza kumbukumbu za malalamiko na hesabu ya ada za huduma kabla ya kukamilisha.

Je, nyumba mpya iliyonunuliwa kwa mjenzi ina utaratibu tofauti?

Ndiyo. Mikataba ya nyumba mpya, kama zile zinazojengwa Nyali na Bamburi, kwa kawaida huwa na kipindi cha mjenzi kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi sita na wakati mwingine mwaka mzima baada ya makabidhiano. Mnunuzi hana sababu ya kuchelewesha kukamilisha kwa ajili ya kasoro ndogo, ila aziwasilishe kwa orodha ya maandishi siku ya makabidhiano na tena kabla kipindi hakijaisha. Jitahidi kipindi hicho kipitie masika walau mara moja. Kipindi cha miezi sita kinachoanza Septemba huisha kabla paa halijajaribiwa.

Nanunua nyumba bila ardhi huko Majengo. Majibu haya yananihusu?

Yanakuhusu, na kwako hali ya jengo ina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu jengo ndilo peke yake unalolinunua. Kiwanja hubaki cha mwenyewe na wewe humlipa kodi yake. Hakikisha mwenye kiwanja amekubali kwa maandishi kukutambua, na uliza kama anaruhusu matengenezo unayoyataka. Kwa nyumba za Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi, muuzaji hawezi kuahidi kubadilisha mlango wa nakshi au roshani ya mbao ndani ya wiki mbili, kwani kazi za nje zinahitaji idhini. Hapo ni afadhali kukubaliana kupunguza bei.

Sisi sote ni Waislamu. Tunaweza kwenda kwa Kadhi?

Si kwa jambo hili. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Mkataba wa nyumba huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi au kwa hakimu, kulingana na thamani, na hakimu mkuu husikiliza madai hadi shilingi milioni 20. Hakuna kinachowazuia kumwomba mzee mnayemheshimu awasuluhishe, mradi mapatano yaandikwe na yapitie kwa mawakili wenu kabla ya tarehe ya kukamilisha.

Nimeshahamia, ndipo nikaona taa za ua haziwaki. Nimechelewa?

Kwa kasoro iliyoweza kuonekana katika ukaguzi wa mwisho, mara nyingi ndiyo. Mauzo yakishakamilika, ahadi nyingi za mkataba huhesabiwa kuwa zimetimizwa, isipokuwa zile zilizoandikwa kwamba zitaendelea. Dai la kuvunjwa kwa mkataba lina muda wa miaka 6 chini ya Sheria ya Muda wa Kufungua Mashtaka, Sura ya 22, lakini muda mrefu hausaidii pasipo ushahidi. Ukigundua kitu, mwandikie wakili wa muuzaji siku hiyo hiyo, ambatanisha picha na makadirio ya fundi wa umeme, na usimruhusu fundi afungue chochote kabla picha hazijapigwa.